Mkono Wenye Kujifunza: Michezo ya Milango ya Fahamu

Mtoto wa miaka miwili akikuta ungo wa mchele hutumbukiza mkono, hufumbata punje, kisha huziachia zidondoke kati ya vidole. Aghalabu hukanywa asichezee chakula. Mchele una haki ya kulindwa, lakini shughuli yenyewe si utundu. Mtoto huyo anapima uzito, ulaini na mwendo wa vitu kwa chombo pekee alicho nacho, yaani mwili wake.

Binadamu hupata habari za ulimwengu kwa milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ncha za vidole zina mishipa ya fahamu iliyosongamana sana. Kidole huweza kutambua ncha mbili za penseli zilizotengana kwa milimita 3 hivi, ilhali mgongoni ncha hizo huhisiwa kuwa moja. Habari hizo hufika kwenye ubongo, ambako chembe huunganishwa na chembe. Miungano itumikayo mara kwa mara huimarika, na isiyotumika hufifia. Kazi hii huenda kwa kasi kubwa katika miaka ya mwanzo ya maisha.

Mwaka 1907, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya malezi ya watoto mjini Rome, Italia. Humo watoto walijifunza kwa kupapasa, kusikiliza na kulinganisha. Vifaa vya namna hiyo vyaweza kutengenezwa nyumbani bila gharama.

Makopo ya sauti. Hutafutwa makopo sita yanayofanana, yenye vifuniko. Mawili hutiwa mchanga, mawili maharagwe, na mawili kokoto, kisha vifuniko hukazwa kwa gundi. Mtoto huyatikisa na kutafuta jozi. Punje zigongapo ukuta wa kopo, ukuta hutetema, na hewa huupeleka mtetemo huo sikioni. Mchanga hutoa mchakacho laini; kokoto hutoa kishindo.

Mfuko wa kupapasia. Ndani ya mfuko wa kitambaa hutiwa kijiko, gunzi, kifuu cha nazi na kipande cha dodoki. Mtoto hutia mkono bila kuchungulia, akataja alichokishika. Hapa ngozi hufanya kazi ya macho, na mtoto hupata maneno kama vile laini, kikavu, chenye miiba.

Kumimina maji. Kikombe kimoja cha maji humiminwa katika bakuli pana, na kingine kama hicho katika chupa nyembamba. Mtoto wa miaka minne au mitano mara nyingi husema kwamba chupa ina maji mengi zaidi. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alieleza kwamba mtoto wa umri huo bado hutazama kimo peke yake, wala hajaunganisha kimo na upana. Hastahili kuchekwa. Apewe nafasi ya kumimina tena na tena, mpaka macho na mikono yake vipatane.

Pamoja na hayo, tahadhari ni lazima. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hutia kila kitu kinywani. Kwa hiyo karanga, shanga na kokoto zisiachwe wazi mbele yake, maana huweza kumziba pumzi. Mbegu za mbarika, na zile nyekundu zenye doa jeusi, zina sumu kali na zisitumiwe kabisa. Mtoto huweza kuzama hata katika maji ya kina cha sentimita 5. Basi mtu mzima asiondoke, na beseni limwagwe mchezo uishapo.

Wanafunzi wenye wadogo nyumbani wanaweza kufanya jaribio la maji kwa watoto wa miaka minne, sita na minane, wakaandika jibu la kila mmoja pamoja na sababu aliyoitoa. Darasani majibu hayo yalinganishwe. Yamkini itadhihirika kwamba fikra ya mtoto hukua hatua kwa hatua, na kwamba mkono ulioruhusiwa kugusa huisaidia kukua.