Moyo wa kifaranga: unakunjwa, unasukumwa, unachongwa



Kwenye msimu huu wa mvua tulipita Nyakabere kuangalia kuku wa wanachama. Mama mmoja akatuita nyuma ya nyumba. Kuku wake alikuwa analalia mayai 12. Siku ya tatu maji yaliingia ndani ya kibanda, naye akayabeba mayai kwenye kitunga mpaka jikoni, mbio mbio, yakagongana. Kuku alikataa kulala tena mpaka jioni. Siku ya saba tuliyaangalia gizani kwa toroshi. Mayai 8 yalikuwa na duara jekundu ndani, kama pete. Mishipa hakuna. Watu wa nyumbani walikuwa wameisha kutaja jina la jirani, eti ana jicho baya. Tukawaomba wangoje kwanza.

Ile pete ni damu ya kifaranga aliyekufa mapema. Na siku zile za mapema ni siku za moyo.

Yai likitoka tu, kifaranga ni doa dogo jeupe juu ya kiini. Kuku akililalia na kulipa joto, kama siku moja na nusu inatosha: moyo unaanza kupiga. Lakini siyo moyo mnaoujua mkichinja kuku. Ni mrija mdogo ulionyooka, hauna vyumba, hauna milango. Aristotle wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, alifungua mayai ya siku ya tatu akaona tone la damu linarukaruka. Hata leo ukifungua utaliona.

Sasa, ule mrija unageuka namna gani kuwa moyo wenye vyumba vinne? Wengi tunafikiri kila kitu kimeandikwa tayari ndani ya mbegu. Ni kweli, lakini nusu. Mrija unapokua unajikunja, kisha unalala upande wa kuume. Juu yake kuna ngozi nyembamba inayoukandamiza, na mishipa mikubwa inayouingia inausukuma. Larry Taber na wenzake, kule St. Louis, Marekani, waliondoa ile ngozi. Moyo ulijikunja, lakini haukugeuka vizuri kama inavyotakiwa. Maana yake mkandamizo ule una kazi.

Kisha kuna damu yenyewe. Ninyi mnaolima mpunga hapa bondeni mwa Ruzizi mnajua mfereji: maji yakipita kwa nguvu upande mmoja, yanachimba, yakipungua, udongo unajaa. Moyo uko karibu hivyo, tofauti ni kwamba kuta zake ni hai. Zinasikia damu inavyozisugua, nazo zinajibu kwa kukua. Mwaka 1997 Bianca Hogers na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walifunga mshipa mmoja tu unaotoka kwenye kiini, wakati kifaranga ni wa siku chache. Moyo hawakuugusa. Damu ilibadilisha njia, na mioyo mingi ikatoka na kasoro, kama tundu katikati ya vyumba viwili vya chini. Watoto wa binadamu nao huzaliwa na tundu kama hilo, na moyo wetu una vyumba vinne sawa na wa kuku. Ndiyo maana waganga wanashughulika na mayai.

Turudi Nyakabere. Yai likipoa, moyo unapiga polepole, damu inasukumwa kidogo. Yai likigongwa, ile mishipa laini kama uzi wa buibui inaweza kupasuka. Kati ya baridi na kugongana, hatuwezi kusema ni kipi kiliua yale 8. Sisi tunashuku vyote viwili. Jirani hayumo.

Kwa hiyo kuku akiisha kulala, msihamishe mayai wiki ya kwanza. Mkilazimika, fanyeni usiku, kwa mkono, moja moja, juu ya majani makavu yenye joto. Mayai mliyonunua mbali na kuyaleta kwa pikipiki kwenye njia yetu hii ya mashimo, yaacheni yatulie siku moja, ncha nyembamba ikiangalia chini, ndipo mumpe kuku. Wenye kuveze wageuze mayai angalau mara tatu kwa siku mpaka siku ya 18, taratibu. Kuku anageuza mwenyewe, msimsaidie. Yasipogeuzwa, kifaranga anashikamana na ngozi ya ndani. Na umeme ukikatika, funikeni mashine kwa blanketi, acheni matundu ya hewa, msifungue kila saa kuchungulia.

Mayai 4 yaliyobaki tuliyarudisha chini ya kuku. Siku ya 21 vifaranga 3 wakatoka. Kibanda sasa kimeinuliwa juu ya matofali, na matofali yenyewe yalitoka kwa yule jirani.