Peaji Tunalipa, Kilomita Ziko Wapi?

Mwaka 2024 Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni 3 za shaba, karibu zote kutoka migodi ya Haut-Katanga na Lualaba. Lori moja likibeba tani 30, mzigo huo ni safari laki moja za kwenda tu. Bado hujahesabu malori yanayoingia kutoka Zambia yakiwa na mafuta, salfa, chokaa, mitambo na unga wa mahindi tunaokula Lubumbashi. Sehemu kubwa ya msafara huo inapita barabara moja, ile ya Taifa namba 1, inayotoka Kolwezi kupitia Likasi na Lubumbashi hadi mpakani Kasumbalesa.

Barabara hiyo haipitwi bure. Kila lita ya petroli au dizeli inayonunuliwa mjini ina tozo ndani ya bei yake, na tozo hiyo ni ya Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, FONER, ulioundwa kwa sheria ya tarehe 7 Julai 2008. Juu ya mafuta kuna peaji: dereva akifika kwenye kizuizi analipa, anapewa risiti, anaendelea. Jimbo nalo lina kodi yake ya barabara kwa wenye madini, inayokusanywa na idara yake ya mapato, DRHKAT. Kisha unakuja mrabaha wa madini wenyewe. Ni nadra Afrika kukuta barabara inayolipiwa kwa njia nyingi namna hii. Kwa sababu hiyo, anayetuambia kwamba mashimo yanatokana na ukosefu wa fedha inabidi kwanza atuonyeshe hesabu.

Tuanze na mrabaha, maana hapo sheria iko wazi. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaugawa hivi: katika kila dola 100, dola 50 ni za serikali kuu, 25 ni za jimbo, 15 ni za komine, sekta au eneo la chifu lenye mgodi, na 10 zinawekwa kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba hutozwa asilimia 3.5. Kobalti, tangu itangazwe madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, hutozwa asilimia 10. Sehemu ya jimbo na ya komine haitakiwi tena kupanda Kinshasa ili ishuke baadaye; kampuni inalipa moja kwa moja kwenye akaunti zao. Haya ni mageuzi makubwa. Mkuu wa komine ambaye zamani hakuwa na fedha za kutengeneza hata daraja la mbao sasa ana mapato ya kujenga barabara ya lami, na mkazi wa komine yake anajua wa kumuuliza.

Mapato mengine ya taifa hayana unyoofu huo. Katiba ya 2006, ibara ya 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa na kusema zikatwe palepale kwenye chanzo. Kinachofanyika ni kwamba fedha zinapanda Kinshasa kwanza, kisha zinarudi zimechelewa na zimepungua. Bajeti ya jimbo inayoandikwa kwa kutegemea fedha hizo ni hesabu ya matumaini, na mkandarasi wa barabara ndiye wa kwanza kuzikosa, kwa kuwa mishahara ndiyo inayotangulia kulipwa.

Athari yake inaonekana njiani. Mvua zikianza Novemba, shimo huanzia ukingoni mwa lami, pale malori yanapotoka kupisha au kuegesha. Maji yanaingia chini ya tabaka, tairi la nyuma linakandamiza, na baada ya majuma machache gari linalotoka upande wa pili linalazimika kuhamia njia yako. Vijana wa kijiji wanafika na koleo na ndoo ya udongo, wanajaza shimo, wanakunyooshea mkono uwape franka chache. Mvua ya jioni inausomba udongo wote, asubuhi wanarudi. Mwenye lori ambaye tayari amelipa tozo ya mafuta na peaji anatoa mfukoni mara ya tatu. Spring ikivunjika au mzigo ukichelewa meli Durban au Dar es Salaam, gharama hiyo inaongezwa kwenye nauli, na nauli ndiyo inayopandisha bei ya unga sokoni.

Wasafirishaji nao wana sehemu yao ya lawama, na niliseme hili bila kuwaonea. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara unapanda kwa kasi kuliko uzito: ekseli iliyozidishwa mzigo kwa asilimia 20 inaharibu lami karibu maradufu. Kanda ya COMESA na SADC imekubaliana juu ya kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake. Dereva wa Kitanzania anaujua mzani wa Vigwaza na wa Mpemba, Tunduma, na anajua kwamba hapo hapiti bila kupimwa. Kwetu kizuizi cha kukusanya peaji kina bidii kuliko mzani, ilhali mzani ndio unaolinda kile peaji inachokilipia.

Sasa tufike bungeni. Serikali inatakiwa kuwasilisha muswada wa fedha kwenye Bunge la Taifa kabla ya tarehe 15 Septemba kila mwaka. Jimbo nalo lina waraka wake wa bajeti, unaopigiwa kura na wabunge wa jimbo. Sheria ya fedha za umma ya Julai 2011 inataka pia serikali irudi kueleza ilivyotumia fedha za mwaka uliopita. Tatizo liko katika namna barabara inavyoandikwa. Fedha za mfuko kama FONER zinakaa kwenye hesabu maalumu, nje ya bajeti kuu. Peaji iliyo chini ya mkataba na kampuni inafuata mkataba wake. Fedha za komine zina kitabu kingine, za jimbo kingine. Mbunge anayetaka kujua ni kiasi gani kiliingia na kutoka kwa ajili ya kipande cha Lubumbashi hadi Likasi, kilomita kama 120, inambidi akusanye vipande kutoka milango minne, na hakuna mlango unaolazimika kumfungulia mingine mitatu.

Ukaguzi ukifanyika, unalipa. Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitoa ripoti juu ya mkataba wa Sicomines wa 2008, ule wa madini kwa miundombinu na makampuni ya China. Kati ya dola bilioni 3 zilizoahidiwa kwa barabara na majengo, zilikuwa zimetoka milioni 822 tu. Mazungumzo yakafunguliwa, na Machi 2024 ikasainiwa nyongeza inayofikisha miundombinu dola bilioni 7, kwa dola milioni 324 kila mwaka hadi 2040, mradi bei ya shaba isishuke chini ya dola 8,000 kwa tani. Ripoti moja ilizaa matunda hayo. Lakini angalia sharti la mwisho: barabara zetu zimefungwa kwenye soko la London, na hakuna mbunge wa Lubumbashi anayeipigia kura bei ya shaba. Fedha hizo nazo zinahitaji kuonekana kwenye bajeti, barabara kwa barabara.

Jirani zetu wanagombana juu ya jambo hilihili, ila wanagombana hadharani. Kenya ilipopandisha tozo ya mafuta kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka 2024, kaunti zilidai shilingi bilioni 10.5 za barabara, na mabunge mawili yakavutana mbele ya wananchi wote. Mkenya alijua kiasi kinachobishaniwa. Hapa hata ubishi wenyewe hatujaupata.

Njia nyingine zinakuja. Reli ya Lobito inapunguza mzigo wa upande wa Kolwezi, kampuni ya reli ya SNCC yenye makao yake hapa Lubumbashi inahitaji njia zake kufufuliwa, na barabara ya peaji ya Kasomeno hadi Mwenda, kilomita 184 na daraja lake juu ya Luapula, itafungua mlango mwingine wa Zambia. Barabara hiyo pia itakuwa na kizuizi na risiti.

Wabunge wa Haut-Katanga, kikao cha bajeti cha Septemba ndicho chenu. Kabla ya kuinua mkono, daini kila kituo cha peaji kitangaze makusanyo yake ya kila mwezi, na daini kiambatisho cha bajeti kinachotaja kila barabara, fedha zilizoifikia na kilomita zilizotengenezwa. Kama hesabu ya mwaka uliopita haijaletwa mezani, msipitishe ya mwaka ujao.