Wiki Moja, Msitu na Bahari: Hesabu ya Safari kwa Familia ya Katuba

Likizo kubwa ya Julai na Agosti ikikaribia, swali hili husikika katika nyumba nyingi za Katuba, hapa Lubumbashi: tukipata wiki moja tu, tunaweza kuwaonyesha watoto bahari na msitu wa mvua katika safari moja? Inawezekana. Lakini siku zihesabiwe kuanzia mlangoni kwako, na upande wa msitu na upande wa bahari ziwe jirani. Safari nyingi za wiki moja huharibika kwa sababu mpangaji ameandika vivutio vingi na kusahau kuandika saa za barabarani.

Hamu hii ina msingi. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya misitu ya miombo, ambayo miti yake mingi hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Nchi yetu, Kongo, ina sehemu kubwa ya msitu wa mvua wa pili kwa ukubwa duniani baada ya Amazon, lakini msitu huo uko mbali sana kaskazini mwetu. Ufuo wetu wa bahari nao ni kilomita 40 tu hivi, kule Muanda, upande wa pili wa nchi. Mtoto wa Katuba anaweza kumaliza sekondari bila kuona kimojawapo kwa macho yake.

Barabara au ndege?

Njia ya nchi kavu tunaijua, maana ndiyo inayoleta mizigo yetu: Kasumbalesa, Zambia, mpaka wa Nakonde na Tunduma, hadi Dar es Salaam. Ni karibu kilomita 2,000, na basi huchukua siku mbili hadi tatu kutegemea foleni za mipakani. Kwenda na kurudi kunameza siku nne hadi sita kati ya saba. Mwenye wiki mbili apande basi bila wasiwasi, ataona nchi. Mwenye wiki moja apande ndege hata kama itabidi asubiri mwaka mmoja zaidi akusanye nauli. Kutoka uwanja wetu wa ndege wa Luano unaweza kuunganisha Addis Ababa au Nairobi na kushuka moja kwa moja Zanzibar. Siku moja ya kwenda, moja ya kurudi: zinabaki tano.

Jozi tatu za msitu na bahari

Jozi ya kwanza ni Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ina ukubwa wa kilomita za mraba 50 na iko kilomita 35 hivi kutoka mjini. Kutoka hapo hadi fukwe za Paje na Jambiani ni mwendo wa chini ya saa moja. Kwa haki ya kitaalamu niseme wazi kwamba Jozani si msitu wa mvua kamili. Miti yake mikubwa inasimama kwa sababu maji ya ardhini yako karibu sana na mizizi, na mvua ikizidi sakafu ya msitu hufurika. Hata hivyo, kwa anayetoka kwenye miombo, kivuli chake, unyevu wake na mikoko yake ni dunia nyingine.

Humo anaishi kima punju, mwenye mgongo mwekundu, ambaye kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta wako zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Wanaoishi kandokando ya mashamba hula majani ya mkungu na mwembe, ambayo yana kemikali za kusumbua tumbo, kisha hutafuta vipande vya mkaa na kuvitafuna, kwa kuwa mkaa hufyonza sumu hiyo. Ni mkaa uleule tunaouwasha katika mbabula zetu. Waonyesheni watoto jambo hilo, na muwakataze kuwapa wanyama hao chakula chochote. Tumbo la kima punju limeumbwa kwa majani, na biskuti zinaweza kumdhuru.

Jozi ya pili ni Amani na Pangani, mkoani Tanga. Huu ndio msitu wa mvua kwelikweli. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima ya Usambara Mashariki, hupanda, hupoa, na kushusha mvua nyingi mwaka mzima. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea hapo Amani mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka mabara mengine ingali imesimama. Kutoka mlimani hadi ufuo wa Pangani ni safari ya nusu siku. Ugumu wake ni saa sita hivi za barabara kutoka Dar es Salaam, na nyingine kama hizo za kurudi. Inawafaa zaidi watu wazima na vijana wanaopenda kutembea.

Jozi ya tatu iko nyumbani, mkoani Kongo Central, wala haihitaji pasipoti. Karibu na Boma kuna hifadhi ya Luki, kipande cha kusini cha msitu wa Mayombe, na mbele yake Muanda yenye bahari ya Atlantiki na Hifadhi ya Mikoko, iliyoundwa mwaka 1992. Njiani kuna bustani ya mimea ya Kisantu na daraja la Matadi la mwaka 1983. Lakini lazima kwanza uruke hadi Kinshasa, kisha ufunge safari ndefu ya barabara hadi Matadi, Boma na Muanda. Ndani ya wiki moja utabaki na siku moja na nusu ya ufuo. Julai na Agosti mvua hainyeshi huko, ila mbingu hufunikwa na mawingu na hewa hupoa. Jozi hii ni ya siku kumi, na mwenye siku kumi aichague bila kusita, kwa sababu Luki inakatwa miti kwa ajili ya mkaa na mashamba. Msitu usiotembelewa na wananchi wenyewe hukosa watetezi.

Mwezi ndio unaopanga ratiba

Kwa familia yenye watoto na wiki moja, hukumu yangu ni Unguja. Tena wanaozungumza Kiswahili cha Katanga wataelewana na wenyeji tangu siku ya kwanza. Julai na Agosti ni wakati mzuri: masika ya Machi hadi Mei yamekwisha, vuli ya Oktoba hadi Desemba haijaanza, na upepo wa kusi unapunguza joto.

Kabla ya kukata tiketi, tazama kalenda ya mwezi. Siku za bamvua, yaani zinazozunguka mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Pwani ya mashariki maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kurudi nyuma hadi mbali, kisha hujaa karibu saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hujaa asubuhi na tofauti huwa ndogo. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Asiyejua haya hulipia chumba cha ufukweni na kukuta mchanga mtupu, akadhani ametapeliwa.

Anayejua hupanga hivi. Siku ya kwanza ni ya ndege. Siku ya pili asubuhi ni Mji Mkongwe, uliomo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mchana ni safari ya Paje. Siku ya tatu, kama ni bamvua, asubuhi maji yakiwa mbali mwende Jozani, na alasiri mrudi yakiwa yamejaa. Siku ya nne na ya tano ni za bahari. Maji yakipwa, tembeeni muone akina mama wakihudumia mashamba ya mwani. Siku ya sita iacheni wazi kwa ajili ya mvua, mtoto mgonjwa au msitu mlioukosa. Siku ya saba ni ya kurudi. Anayetaka kuogelea saa zote alale Nungwi au Kendwa, ambako maji hayaendi mbali, na akubali mwendo mrefu zaidi wa kwenda Jozani.

Ya kukamilisha kabla ya kufunga mizigo

Chanjo ya homa ya manjano ichanjwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Kadi yake sasa inatambuliwa maisha yote. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na taratibu za viza zimekuwa zikibadilika, kwa hiyo ulizeni ubalozi mdogo wa Tanzania hapa Lubumbashi kabla ya kulipa nauli, na muulize pia kuhusu bima ya lazima ya wageni wa Zanzibar. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto achukue idhini ya mwenzake iliyothibitishwa. Dola mbadilishe, maana tangu mwaka 2025 kanuni za Tanzania zinataka malipo ya ndani yafanywe kwa shilingi. Vijijini vikwembe vifunike mabega na magoti. Ndani ya maji vaeni viatu vya plastiki, kwa kuwa kuna viumbe wa miiba kwenye mwamba, na mtoto asiyejua kuogelea asivuke kina cha kiuno bila mtu mzima kando yake.

Anzeni na pasipoti mwezi Januari, chanjo mwezi Mei, na tiketi mkiwa na kalenda ya mwezi mkononi. Mkifanya hivyo, siku tano zinatosha.