Kiazi cha Vienna si Kartoffel

Austria ilipojiunga na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 1995, ilikuja na orodha ya maneno 23. Yamo katika Itifaki Namba 10 ya mkataba wake wa kujiunga, na yote ni ya chakula: viazi, nyanya, bilingani, koliflawa, nyama ya kusaga, hata sehemu za nyama ya ng'ombe kama zinavyotajwa buchani. Itifaki inatamka kwamba maneno hayo ya Kijerumani cha Austria yana hadhi sawa na nguvu ileile ya kisheria kama yale yanayotumika Ujerumani. Mwaka mmoja kabla, wananchi walipokuwa wakijiandaa kwa kura ya maoni ya kujiunga, mabango mjini Vienna yaliwaahidi kuwa Erdäpfelsalat, saladi ya viazi, itabaki kuwa Erdäpfelsalat.

Wapo watakaosema huo ni mzaha wa wanasiasa. Mimi siamini hivyo. Jina la chakula ndilo neno la kwanza mtoto analolisikia jikoni kwa mama yake, na mtu akiambiwa kwamba neno hilo si sahihi, anahisi nyumba yao nzima imesahihishwa.

Tuanze na kiazi chenyewe. Kilitoka Amerika katika karne ya 16 na kufika Ulaya bila jina la Kijerumani. Watu wa kila eneo wakakiita kwa kukifananisha na walichokijua. Waaustria wakasema Erdapfel, yaani tofaa la ardhini. Huko Pfalz, magharibi mwa Ujerumani, wakakiona kama pea la ardhini, na leo wanakiita Grumbeere. Kartoffel, neno la vitabuni huko Ujerumani, linatokana na jina la Kiitaliano la aina ya uyoga unaochimbwa udongoni. Sisi nasi tulifanya yaleyale: huku viazi mviringo, kule viazi ulaya, pwani mbatata, neno tulilopokea kwa Wareno.

Bilingani lina safari ndefu zaidi. Mjerumani huliita Aubergine, alivyolichukua kwa Wafaransa. Mwaustria huliita Melanzani, kwa kuwa yeye amepakana na Italia. Ukiyafuatilia majina hayo mawili hadi shinani, yote yanafika kwenye badhinjani la Waarabu na Waajemi, na bilingani letu limetoka shina hilohilo.

Hapo, katika kuazima kwa majirani, ndipo siri ya maneno ya Vienna ilipo. Hadi mwaka 1918 mji huo ulikuwa makao ya wafalme wa Habsburg, waliotawala Wacheki, Wahungaria, Waslovenia na Waitaliano wengi. Wapishi walitoka pande zote hizo, kila mmoja na sufuria yake na maneno yake. Kren, ule mzizi mkali unaokunwa na kuliwa na nyama ya kuchemsha, ni neno la Kislavoni. Mjerumani wa kaskazini husema Meerrettich. Karfiol, yaani koliflawa, ni la Kiitaliano. Powidl, jamu nzito ya plamu, ni la Kicheki.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Palatschinke. Ni chapati ya maji nyembamba sana, inayopakwa jamu ya aprikoti, ikaviringwa na kunyunyiziwa sukari ya unga. Warumi walikuwa na mkate bapa waliouita placenta. Neno likabaki kwa Waromania, likahamia kwa Wahungaria, ndipo likaingia Vienna. Ujerumani, sehemu nyingi, chapati hiyo huitwa Pfannkuchen. Lakini ukiagiza Pfannkuchen mjini Berlin, utaletewa donati la mviringo lenye jamu ndani! Donati hilo sehemu nyingine za Ujerumani huitwa Berliner, na Austria huitwa Krapfen. Mtu wa Berlin akitaka chapati ya maji husema Eierkuchen.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mpaka wa nchi ndio mpaka wa maneno. Skonzi ya asubuhi ni Semmel huko Vienna, na ni Semmel vilevile Munich, ndani ya Ujerumani. Berlin ni Schrippe, kusini-magharibi ni Weckle, na kaskazini wengi husema Brötchen. Nyanya nayo ni Paradeiser Vienna, tunda la peponi, lakini ukifika Innsbruck, mji wa Austria pia, watu husema Tomate kama Wajerumani. Ndiyo maana naiona orodha ile ya maneno 23 kuwa na kasoro: imeelemea Vienna mno, ikawasahau Waaustria wa magharibi.

Kwa wanaojifunza Kijerumani Dar es Salaam au Nairobi, ombi langu ni moja: msiyaite maneno haya lahaja za mitaani. Yajifunzeni mapema, yatawafaa mezani. Lungenbraten, kwa mfano, ukilitafsiri neno kwa neno utapata "mapafu ya kuoka", nao wageni wengi huliruka kwenye orodha ya vyakula. Asili yake ni lumbus, neno la Kilatini la kiuno, wala halihusiani na mapafu. Ukiliona Vienna, agiza bila wasiwasi: ni sarara, nyama laini kuliko zote za ng'ombe.