Afya, Maradhi na Uuguzi: Maneno Yanayovuka Mpaka wa Rusizi



Makala haya yametokana na kosa la mwanafunzi mmoja wa uuguzi, aliyekuwa katika mazoezi ya kazi kwenye kituo kimoja cha afya karibu na Kamembe. Alimhudumia mama mzee aliyetoka Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, mwenye shinikizo la damu. Walipoagana alimwambia kwa Kiswahili chake: "Mama, usiache miti yako hata siku moja." Mama akaitikia vizuri. Aliporudi baada ya wiki kadhaa hali yake ilikuwa mbaya, na vidonge vilikuwa mkobani kama alivyopewa. Alikuwa ametii: aliendelea na mitishamba aliyokuwa akichemsha nyumbani.

Mwanafunzi alifikiri kwa Kinyarwanda, ambamo *umuti* (wingi *imiti*) ni dawa, na mti wa kawaida ni *igiti*. Kiswahili na Kinyarwanda ni ndugu, na ndugu hufanana sura hata pale wanapotofautiana tabia. Kwa hiyo tumeona tueleze dhana za msingi za afya, ugonjwa na huduma kama zinavyofundishwa katika uuguzi, tukizipitia kwa maneno ambayo wauguzi wetu watayahitaji katika wilaya hii inayopakana na Kongo na Burundi.

Tuanze na afya. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini mwaka 1946 na kuanza kutumika mwaka 1948, inaeleza afya kuwa ni hali ya ustawi kamili wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kukosa maradhi tu. Wengi wameilaumu fasili hiyo kwamba imevuka kiasi, maana ni nani aliye kamili kwa yote? Lakini lugha zetu hazikuwa mbali nayo. Neno *afya* tumelipata kutoka Kiarabu, ila tunalo pia *uzima*, na mtu *mzima* ni yule ambaye hakupungua wala kuvunjika. Kinyarwanda kina *ubuzima*, ambalo hubeba uhai na afya kwa pamoja. Ndiyo maana baadhi ya wanafunzi huandika "Wizara ya Uzima" badala ya Wizara ya Afya. Kosa hilo nalisahihisha kila mwaka, lakini sijapata kulichukia.

Ama ugonjwa, hapa pana mambo zaidi. Wataalamu wa uuguzi hutenga mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Kuna hitilafu yenyewe mwilini, ile inayoonekana kwa vipimo: vimelea vya malaria katika damu, kwa mfano, au shinikizo lililopanda. Kuna kuumwa, yaani vile mtu mwenyewe anavyojisikia. Halafu kuna kutambuliwa na jamii kuwa ni mgonjwa, mtu akaruhusiwa kulala, akasamehewa kazi, akaletewa uji. Matatu haya hayaendi pamoja siku zote. Mama yule wa Bukavu alikuwa na hitilafu bila kuumwa. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, na mtu asiyeumwa haoni sababu ya kumeza kidonge kila siku. Kinyume chake, mtu aweza kuumwa kweli na vipimo visionyeshe kitu. Muuguzi anayemjibu mtu huyo "huna ugonjwa" amesema kweli kuhusu damu yake, ila kuhusu mtu mwenyewe hajasema lolote.

Maumivu nayo yana sarufi yake. Mswahili husema "kichwa kinaniuma", kana kwamba kichwa kina meno. Mnyarwanda husema *umutwe urandya*, yaani kichwa "kinanila". Mwanafunzi akitafsiri neno kwa neno atasikika kichekesho, lakini picha ni moja. Aidha, muuguzi ajue kwamba "hajambo" si jibu la salamu tu. "Mgonjwa hajambo kidogo" maana yake amepata nafuu, si kwamba amepona.

Neno jingine la kuangaliwa ni *mganga*. Kwa Kinyarwanda *umuganga* ni daktari, na *kwa muganga* ni hospitalini. Kiswahili cha Kongo nacho humwita daktari *munganga*, kwa hiyo mtu wa Bukavu hatapotea. Lakini dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam, akiambiwa na muuguzi "nenda kwa mganga", huenda akashangaa kwa nini hospitali inampeleka kwenye hirizi, ingawa nchini kwake yuko Mganga Mkuu wa Serikali, ambaye ni daktari. Kwa usalama, tuseme *daktari*.

Uuguzi wenyewe je? Kitenzi ni *kuugua*, kisha *kuuguza*, yaani kumtunza anayeugua, na *muuguzi* ndiye mtendaji. Kinyarwanda kina njia hiyohiyo: *kurwara*, *kurwaza*, *umurwaza*. Lakini *umurwaza* si muuguzi! Ni yule ndugu au jirani anayelala hospitalini na mgonjwa, akimpikia, akimfulia na kumwogesha. Muuguzi mwenye cheti huitwa *umuforomo*, na akiwa mwanamke *umuforomokazi*, kutoka neno la Kifaransa. Virginia Henderson, muuguzi wa Kimarekani, aliandika kwamba kazi ya muuguzi ni kumsaidia mtu, awe mgonjwa au mzima, kufanya yale ambayo angeyafanya mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia na maarifa. Kwa kipimo hicho, *umurwaza* anafanya sehemu kubwa ya uuguzi bila mshahara. Basi muuguzi anayeeleza dawa amweleze na yeye, kwani nyumbani ndiye atakayeshika vidonge.

Kuhusu utoaji wa huduma, ngazi zinajulikana. Kijijini kuna *abajyanama b'ubuzima*, washauri wa afya wanaochaguliwa na wanakijiji wenzao. Juu yao kipo kituo cha afya, *ikigo nderabuzima*, kisha hospitali ya wilaya. Rusizi ina Gihundwe na Mibilizi. Mgonjwa anayehitaji zaidi hupewa rufaa, na akipelekwa hospitali ya chuo kikuu huko Huye atapita barabara ya msitu wa Nyungwe. Bima ya jamii, *mitiweli*, ilijaribiwa mwaka 1999 Byumba, Kabgayi na Kabutare kabla ya kuenea nchi nzima, na tangu mwaka 2015 inasimamiwa na RSSB. Asiye na bima hulipa bei kamili, jambo linalohitaji kuelezwa kwa adabu kabla ya matibabu, si baada yake.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini Kamembe na Bugarama watu walikuwa wakikitumia sokoni zamani. Mwanafunzi wetu sasa ana desturi yake: baada ya kueleza dawa, huviweka vidonge kiganjani mwa mgonjwa na kumwomba arudie kwa maneno yake mwenyewe ni nini hiki na atakimeza lini.