Kanuni Isiyo na Sababu

Mwaka 1979 kampuni ya Marekani iitwayo SPI ilitoa The Campaign for North Africa, mchezo wa vita wa mezani uliobuniwa na Richard Berg. Unasifika kwa ukubwa wake kuliko kwa kuchezwa. Katika rundo la kanuni zake imo moja inayotaka wanajeshi wa Italia wapewe maji ya ziada ili wachemshe tambi. Berg mwenyewe alikuja kukiri kwamba ulikuwa utani. Hata hivyo, mwombe mpenzi wa michezo ya vita akutajie kanuni moja tu ya mchezo huo, atakutajia tambi. Nyingine, zilizofanyiwa utafiti wa kweli, zilikuja na tarakimu peke yake. Ya tambi ilikuja na sababu, hata kama ni ya uongo.

Vitabu vya maelekezo ya gemu za vita za kompyuta hulaumiwa kwa urefu, na siku hizi kwa kutokuwepo kabisa. Lawama zote mbili zinakosea shabaha. Kitabu kirefu kinachoeleza vizuri hakijamchosha mtu aliyeamua kwa hiari yake kuivamia Urusi. Kasoro iko kwingine: vingi vinakuonyesha kitufe cha kubonyeza, kisha vinanyamaza kuhusu hesabu inayopigwa ukishabonyeza.

Mchezo wa mezani hauna pa kuficha hesabu hiyo. Mchezaji ndiye anayerusha dadu, anayesoma jedwali na anayeondoa vikosi vilivyoangamia. Kanuni ikikosekana, mchezo unakwama. Ndiyo maana SPI iliandika kanuni zake kwa vifungu vyenye namba, 7.1, 7.11, 7.12, kwa mtindo ambao wakili wa kodi angeusoma kwa raha. Kompyuta iliondoa ulazima huo. Inarusha dadu yenyewe, gizani, na kukuletea maiti. Kumficha mchezaji hesabu si jambo jipya: jeshi la Prussia lilikuwa na waamuzi katika Kriegsspiel, mchezo wa mafunzo ulioingia jeshini mwaka 1824 kwa kanuni za Luteni von Reiswitz. Mwaka 1876 ofisa wa jeshi hilo, Verdy du Vernois, akapendekeza hata majedwali yawekwe kando, mwamuzi aamue kwa uzoefu wake. Tofauti ni kwamba mwamuzi yule alikuwa ofisa mwenye mdomo, na aliyeshindwa aliweza kumuuliza kwa nini.

Waandishi bora wa vitabu vya maelekezo walitokea mezani. Bruce Shelley alifanya kazi Avalon Hill, kampuni kongwe ya michezo ya vita ya mezani, kabla ya kujiunga na MicroProse, kampuni ya gemu za kompyuta, na kushirikiana na Sid Meier kubuni Civilization mwaka 1991. Kitabu cha gemu hiyo alikiandika yeye. Wachezaji wengi bado wanalalamikia kifaru chenye nguvu ya kushambulia 10 kinachoangamizwa na askari wa mikuki wa zama za kale wenye ulinzi wa 2. Ukijua hesabu, mshangao unapungua: katika gemu ile hakuna kujeruhiwa, mmoja anatoka mzima na mwingine anafutika, na mlinzi aliyeko kilimani nyuma ya kuta habaki na ile 2 yake. Unaweza kuikataa kanuni, na wabunifu wenyewe waliibadilisha katika toleo la pili mwaka 1996, lakini huwezi kusema umeonewa.

Kitabu kile kilikuwa pia mlinzi wa mlango. Katikati ya mchezo kompyuta ilikuhoji ni maarifa gani hutangulia uvumbuzi fulani, na jibu lilikuwa kitabuni. Huku kwetu, ambako gemu nyingi zilifika kama CD za kuchoma, bila boksi wala karatasi, mtihani wa aina hiyo ulikuwa ukatili.

Mfano mgumu zaidi ni Gary Grigsby's War in the East ya mwaka 2010, inayoiga vita vya Ujerumani na Urusi wiki kwa wiki. Kitabu chake kina kurasa zaidi ya 300, na ni cha watu waaminifu: karibu kila kitu kimo. Kukipata ndiyo kazi. Mchezaji mgeni huvamia Juni 1941, akashinda kwa kishindo, kisha vifaru vyake vikasimama kabla ya Moscow bila adui kuvigusa. Chanzo ni reli. Njia za Urusi zilikuwa na upana wa milimita 1,524 na za Ujerumani 1,435, kwa hiyo kila kilomita iliyotekwa ilibidi ibadilishwe kabla ya treni za Wajerumani kupita, na kadiri kikosi kilivyo mbali na mwisho wa reli iliyobadilishwa ndivyo mafuta yanavyopungua. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, aliyezoea reli ya mita moja na ile ya kisasa zisizopokezana mabehewa, angeelewa kwa sentensi mbili. Zilistahili kuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Badala yake mada ya ugavi imekatwakatwa katika vifungu vidogo, na mchezaji anaunganisha vipande mwenyewe, kwa kawaida akiwa ameshaingia matopeni.

Siku hizi kazi ya kueleza imeachiwa YouTube na tovuti za wiki. Video inafundisha jinsi ya kushinda, hadi sasisho lijalo libadilishe hesabu. Hapa kampuni ya Paradox inastahili sifa: katika Crusader Kings III ya mwaka 2020, ukipeleka kishale juu ya neno, kisanduku cha maelezo kinafunguka, na ndani yake neno jingine linafungua kisanduku kingine. Kwa swali la “hii namba imetoka wapi?” sijaona jibu la haraka kuliko hilo.

Lakini kisanduku hueleza kilichopo kwenye skrini tu. Hearts of Iron IV ya mwaka 2016, ya kampuni hiyohiyo, inakupa Ujerumani ya Hitler pamoja na viwanda vyake, utafiti wake na divisheni zake, na mauaji ya halaiki ya Wayahudi hayamo. Kuna hoja za kuyaacha, na baadhi nazikubali. Sijui nani angetaka kitufe chake. Ila kuacha ni uamuzi wa mbunifu, mzito kuliko nguvu ya kifaru chochote, na vitabu vya mezani vilikuwa na mahali pake: maelezo ya mbunifu, kurasa chache za mwisho ambamo alitetea alichokiweka na alichokiondoa. Mchezaji wa leo anaweza kupitisha kishale juu ya ramani nzima ya Poland ya mwaka 1942, mkoa kwa mkoa, akasomewa idadi ya viwanda na hali ya reli.