Usukani Ukicheza, Usipande Mgeta na Watoto

Likizo ikifika, watoto hutaka kwenda kwa bibi Mgeta, na barabara ya kupanda Uluguru ina kona kali na makorongo. Mzazi, kabla ya safari, pima usukani. Gari lisimame, injini iwe inaunguruma. Cheza usukani kidogo kulia na kushoto, mwenzio aangalie tairi za mbele. Usukani ukizunguka bila tairi kufuata, kuna kiungo kimelegea.

Fundi ainue gari kwa jeki, aliegemeze kwenye stendi, kisha atikise tairi. Ikicheza kulia na kushoto, huenda ni tairodi. Ikicheza juu na chini, huenda ni beringi au boljointi. Kilicholika hubadilishwa, hakikazwi tu. Bibi atasubiri siku moja zaidi.